Vidonge vya Pumu Havigawanywi Kama Samaki

Mjukuu wangu Fatuma,

Nashikilia kwamba kumnyima jamaa vidonge ulivyoandikiwa wewe si uchoyo.

Huku Kismayu sote wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama ulimkosea shangazi yako huko Chula ulipomnyima vidonge vyako vya pumu. Hukumkosea.

Nilipohitimu masomo, mimi babu yako wa ukoo nisiye hata na mvi, nilimgawia mjomba mwenye mafua vidonge vyangu vya pumu. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka hata sindano aliyokuwa akishonea tanga ikamdondoka, akaniuliza:

"Ewe mchu msomi, mtu wa vitabu, hii ni dawa au jini?"

Kosa lilikuwa langu, maana daktari alikuwa amepima kifua changu, si chake. Siku ya tatu pumu ikanibana, na kichupa cha vidonge ni kitupu.

Shangazi na aende mwenyewe kwa daktari. Barua hii isomwe barazani huko Chula, na anayenipinga atoe jibu lake hapo hapo, mbele ya watu, nawe uniandikie.