Mitungi Nyuma ya Trei

Jumatatu, 9 Juni

Nimetoa trei kumi na mbili za maji yenye dawa stoo kwa Mama Mdogo, nimezianika juani, nimezifunika vioo. Hapa kijijini Kasense ni baridi, vidole vimekufa ganzi. Maji haya yakikaa gizani yanameza hewa ukaa ya angani. Jua likiyapiga yanaitema, inapita kwenye mpira mpaka kwenye mita. Nasoma, naandika, natia sahihi. Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne. Naipenda. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 11 Juni

Mita imepanda mara tatu ya jana. Bwana Asukile, mtaalamu wetu kutoka Mbeya, amecheka peke yake. Wafadhili watakaokuja Ijumaa wakiona hivi, anasema, mradi utabaki, na mimi sitakosa kazi. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejua.

Leo stoo ilinuka uchachu. Nyuma ya trei kuna mitungi mitatu ya pombe ya ulezi, ya kipaimara cha Jumapili. Mama Mdogo aliiweka juzi jioni. Povu linapasuka polepole. Shuleni tulifundishwa: pombe ikichacha inatoa hewa ukaa. Trei zetu hazijasafisha anga. Zimelewa.

Nilimwambia Bwana Asukile, macho chini. Alikuwa anajua.

"Mdogo wangu, wageni hawanusi, wanasoma. Wewe andika."

Nimeandika. Nimetia sahihi. Kinyaa. Namwonea yeye, nauonea na mwandiko wangu mzuri. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 13 Juni

Mitungi ilifunikwa turubai. Bwana Asukile aliwasomea wageni daftari langu, eti yote imetoka hewani hapa Ufipa. Mama mmoja mwenye miwani aliniuliza namba imepandaje. Bwana Asukile akajibu yeye. Nilitazama viatu vyake vinavyong'aa.

Mama Mdogo alisimama mlangoni, amenuna. Kwake mgeni haondoki bila kuonja, na leo alikatazwa.

Nikasema, "Mama Mdogo, waonjeshe wageni."

Maneno manne. Akavuta turubai kwa furaha. Mama wa miwani akatazama povu, akatazama trei. Kikombe alikipokea. Daftari akalifunga.

Jumamosi, 14 Juni

Mitungi imehamia jikoni. Bwana Asukile yuko mjini, hajasema kama Jumatatu nije.

Nimesoma mita. Namba ndogo. Nimeiandika. Kwenye mistari ya Jumatano mpaka Ijumaa nimeongeza: pombe ilikuwemo.

Nimetia sahihi. Nimekula.