Ua Lililogoma Kunyolewa

Mwanangu,

Sisi wazima, isipokuwa mguu wangu umeteguka. Ndiyo maana juzi nilimwomba baba yako akate maua ya bustani ayapange mezani, wakwe wa dada yako walikuwa wanakuja. Kosa langu. Kinyozi ni kinyozi hata akistaafu. Alilifunga jagi kitambaa chake cha kunyolea, akatoa mkasi na kitana, akawa anayauliza mawaridi, "Tupunguze au tumalize?"

Nilikuta yote yamelingana kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. Ua moja tu la alizeti lilichomoza juu, limejiachia. Nikachukua mkasi. Akanidaka mkono.

"Huyo mwache. Kama hataki kunyolewa, basi."

Tangu mgombane juu ya hizo nywele zako ndefu, huu mwaka wa tatu, hajakutaja hata kwa bahati mbaya. Wageni walipolishangaa, akawaambia, "Huyo ni kifungua mimba wetu."

Leo kalibadilishia maji mara tatu. Ua likishakatwa halifiki wiki, mwanangu. Panda gari uje, na nywele zako zote.

Mama yako,
mwenye mguu mmoja kwa sasa