Bibi Amebaki na Mimi

Nyumba ya fundi cherehani,
Chumba cha uani.
9 Juni

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa mikono miwili. U hali gani? Na shemeji, mgongo umemwacha au bado anatembea kama mwenye kutafuta sindano? Mimi mwili mzima. Mengine ndiyo haya.

Yule bibi ninayerekodi lugha yake amefiwa na dada yake. Walikuwa wamebaki wao wawili tu wanaoizungumza. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuwawekea kinasa sauti katikati, ninyamaze wakiwateta majirani. Sasa anayemwelewa ni mimi peke yangu.

Begi nilishalifunga nije kwa mwanangu. Ndiyo uzazi wake wa kwanza, na ananitegemea. Nilipokwenda kuaga, fundi cherehani mwenye nyumba, mjukuu wa bibi, akasimamisha cherehani yake. “Mama, ukiondoka huyu atanyamaza. Sisi tunajua ‘maji’, ‘njoo’ na ‘kula’. Basi.”

Nikadhani dawa ninayo. Nikamwekea bibi sauti ya marehemu. Akacheka, akamwuliza kitu, akangoja. Sauti ikaendelea na hadithi zake. Akauliza tena, kwa upole. Mwisho akaniambia kwa lugha yao, “Zima. Huyu hanisikii.” Akanigeukia, akaniuliza mimi swali lile lile: kuku wameshafungiwa?

Nikamjibu wamefungiwa. Kisha nikaenda kufungua begi.

Usinione malaika, dada. Dirisha langu linatazama ukuta. Asubuhi bibi huanza kuniita kabla sijanawa uso, nami hujifunika shuka nikatamani nisingejifunza hata neno moja. Nampenda, na zipo siku simtaki hata kumwona. Kazi hii niliililia mwenyewe. Nilikuja kunasa maneno, nimenaswa mimi.

Mwanangu alipiga simu. “Kwani huyo bibi ndiye mama yako?” Akakata.

Nakuomba ukae naye siku ya uzazi. Mshike mkono, akikutukana kwa uchungu vumilia, alichukua ulimi wangu. Usimwambie nimekataa kuja. Mwambie nimeshindwa kutoka.

Nisalimie shemeji, mama mdogo na wale mapacha wasiosikia la mtu.

Mungu amfungue mwanangu salama, na akiwa na nafasi, anifungue na mimi.

Mdogo wako akupendaye kutoka huku nilikokwama,
Kasuku