Litungu la Babu Liko Kampala

Kwa Mzee Okumu,
Lumino,
Kupitia Posta ya Busia,
Uganda.
20 Januari 1957

Mpendwa Kaka Wandera,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Habari za siku nyingi? Habari za kazi ya karakana ya reli, na joto la Mombasa? Tulisikia kwa mtu aliyepita huko kwamba uliugua homa. Natumaini imekwisha kabisa na unakula vizuri. Na Wifi Fauziya hajambo? Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kisamia, ili ukimsomea barua hii asikie mwenyewe. Pale nitakapoeleza jambo ambalo wewe unalijua tangu utoto, usichoke. Hapo nazungumza na yeye.

Sisi ni wazima. Jua ni kali, kisima cha chini kimebaki tope, lakini wimbi la mwaka jana, yaani ulezi, bado limo ghalani. Ila Babu hajisikii vizuri. Miguu inavimba, na siku hizi hapiti mlango wa nyumba yake. Akili yake ni nzima. Kila nikirudi kutoka Busia huniuliza kama umeandika kwamba unakuja. Ndiyo sababu, kaka, nimekaa kuandika leo.

Mimi nimemaliza shule mwezi uliopita. Ulipoondoka nilikuwa darasa la pili, na nadhani ukinikuta njiani leo utanipita. Nimekuwa mrefu kuliko Mama. Kusema mbele za watu bado siwezi, hilo halikubadilika. Asubuhi naamka saa ile ile ya kengele, kisha nakumbuka kwamba hakuna kengele.

Kabla hatujaachana, Mwalimu Norah alitupeleka wasichana tuliomaliza kuona nyumba ya makumbusho ya Kampala, ambayo kila mtu anaitaja. Hapa kwetu wazee wanaiita nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya mizimu ya waganga, kwa sababu vitu vya waganga vimewekwa humo. Mama alinikataza nisiguse kitu wala nisikae chini. Alinifungia mihogo mikavu ya safari, akanitazama kama ninayekwenda vitani. Lakini Babu aliniita kando, akasema, "Ukilikuta, lisalimie."

Wifi, hapo sharti nieleze. Babu alikuwa mpigaji wa litungu, kinubi cha kwetu chenye nyuzi za kano za ng'ombe na tumbo lililofunikwa ngozi ya kenge. Vidole vyake vilipokakamaa, ilimpasa amkabidhi Wandera, kwa maana litungu huenda kwa mwanamume, na msichana haruhusiwi hata kuligusa. Wandera alikuwa Mombasa. Akapita bibi mmoja Mzungu aliyekuwa anakusanya vitu vya kuweka makumbusho, na Babu akampa. Hakuuza. Alisema ni afadhali likae na watu wanaopita kuliko likae darini na panya. Siku ile hakula chakula cha jioni. Wewe kaka hujapata kusikia habari hii, kwa sababu Babu alikataza mtu asikuandikie.

Tulipanda gari moshi Tororo. Stesheni ilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji. Wenzangu wote walitazama upande wa Kampala gari litakakokwenda. Mimi nilitazama upande ule mwingine, nikafuata reli kwa macho mpaka zilipoungana, nikajua kwamba mbele kabisa zinafika kwako. Kulusumu, binti wa mwenye malori wa Busia, akanivuta shuka. "Elinah, unamngoja nani huko? Panda, tutaachwa!" Nikapanda.

Kule makumbusho hawaingizi watu kwa wingi, kwa kuwa vitu viko ndani ya vioo na kila mtu anataka kuona. Walitugawa wachache wachache, na kila kundi likapewa mtu wa kuliongoza. Sisi tulipata Bwana Edimu, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa. Alianza kwa Kiingereza cha polepole. Kisha akasikia Kulusumu akininong'oneza Kiswahili, akasimama, akauliza kwa Kiswahili chake cha bara.

"Nyinyi watoto natoka wapi?"

"Tororo na Busia," akasema Kulusumu. "Huyu asiyesema ni wa Lumino."

"Lumino! Kumbe leo samaki imekuja kutazama watu. Mimi ni mtu ya Molo, kule Tororo."

"Basi leo mihogo inaongoza samaki," akasema Kulusumu, na Bwana Edimu akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka kututazama. Wifi, sisi Wasamia hutaniwa kwa samaki wa ziwani, na Wateso kama yeye kwa mihogo. Toka hapo hakusema Kiingereza tena.

Kaka, natamani ungaliona. Kuna chumba cha picha zilizopakwa rangi. Moja ni ya mwanamke anayepepeta wimbi, na makapi yanaruka kweli kweli, hata nilirudi nyuma yasiniingie machoni. Kuna ngoma zilizonishinda urefu. Kuna sanamu ya mtu aliyeketi na mikono magotini, mti mtupu, lakini anafikiri. Nilisimama mbele yake muda mrefu nikiwaza, aliyemchonga alikuwa anamwaza nani? Bwana Edimu alikuwa haharakishi mtu. Akiona umesimama, naye anasimama, anatazama unachotazama. Sijawahi kukaa mahali ambapo kutazama tu ni kazi ya kutosha. Tangu nirudi, nikichota maji au nikipalilia, najikuta nimo tena katika chumba kile.

Halafu tukaingia chumba cha vinubi na zeze na malimba. Nikaliona. Sikulijua kwa ngozi wala kwa nyuzi, maana yako mengi yanayofanana. Nililijua kwa alama za meno kwenye mkono wake wa kushoto, pale wewe kaka ulipouma mti ulipokuwa unaota meno. Mama ametusimulia mara nyingi mno. Nikaweka mikono yangu nyuma, nikalisalimia moyoni kwa Kisamia, kama Babu alivyosema.

Bwana Edimu huwapigia wageni baadhi ya vyombo, ndiyo sifa ya nyumba ile. Akafungua kioo, akatoa litungu lile lile. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa, akazikaza kwa masikio ya kwao, akapiga. Lilitoa sauti nzuri. Lakini halikuwa letu. Ni kama kumwona ndugu yako anasema lugha usiyoijua. Machozi yakanitoka, nami nikajifanya naangalia dirisha.

Kulusumu hakuniacha. "Bwana Edimu, litungu hilo ni la babu yake! Ndilo linalomliza."

"Ya babu yako? Kweli?" Akaacha kupiga. "Basi sema. Mzee alikuwa nakaza namna gani?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Ningeweza kukimbia. Lakini nilifikiri kwamba nikinyamaza, nitarudi na kumwambia Babu nini?

Nikamweleza, na sasa namweleza Wifi. Babu hakukaza nyuzi kwa kusikiliza uzi na uzi. Kila uzi ulikuwa na mtu wake wa nyumbani. Aliita jina, vile vile anavyomwita mtu huyo kutoka ng'ambo ya shamba, huku anazungusha mtini kile kitambaa kinachoshikilia uzi, mpaka uzi uitike kwa sauti ile ile. Mtu akifa, Babu humpa mwingine uzi wake. Bibi alipofariki, uzi wake uliitwa kwa jina la Shangazi. Mimi sina uzi. Nilizaliwa litungu limekwisha kujaa.

"Basi ita," akasema Bwana Edimu. "Mimi nafuata."

Kaka, niliita. Mimi, mbele ya watu. Uzi mnene ni wa Babu mwenyewe, naye hajiiti, hukohoa kile kikohozi cha kubisha hodi kwa wakwe. Nikakohoa. Wakacheka, lakini uzi ukaitika. Nikamwita Shangazi. Nikamwita Baba, na kitambaa kikateleza mara nyingi, Bwana Edimu akasema, "Baba yako ni mtu kali, kamba yake nakataa mkono ya Mteso." Nikamwita Mama kwa ule mvuto mrefu mwishoni, nikawaita na baba zetu wadogo mmoja mmoja. Watu wa makundi mengine walikuja wakasimama mlangoni. Sikuwaona. Niliona ua wetu jioni, na kila mtu anatoka alikokuwa kwa sababu ameitwa.

Ukabaki uzi mwembamba wa mwisho, ambao ni wako.

Nikafungua mdomo, na sauti ya Babu haikunijia. Jina nalijua. Sikujua linavyoitwa. Nilijaribu juu, nikajaribu chini, yote yalikuwa ya uongo. Hakuna anayeliita jina lako uani, kaka. Tunalitaja tu, kwa sauti ndogo, kama tunavyotaja vitu vilivyo mbali. Nimekua bila kulisikia.

Bwana Edimu aliniona ninavyohangaika. "Haina neno, dada. Naweka jina lako wewe. Nani atajua?"

Nikasema, "Hapana! Uache ulegee. Mwenyewe yuko hai."

Nilisema kwa nguvu. Hata Kulusumu hakutania. Bwana Edimu akainamisha kichwa, akaondoa kidole chake kwenye uzi wako, akapiga kwa nyuzi zilizobaki. Safari hii lilikuwa letu. Alipiga wimbo wa kwao, lakini waliosikika walikuwa Babu, na Shangazi, na Baba. Kila mara wimbo ulipofika mahali pako uliruka shimo, ukaendelea. Nilijua shimo lile. Ndivyo tunavyokaa hapa nyumbani.

Niliporudi nilimwambia Babu kila kitu. Niliogopa kwamba atanigombeza kwa kuita nyuzi, nami ni msichana. Akauliza tu, "Na wa Wandera?" Nikamwambia ukweli, kwamba sikumbuki. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama mlangoni, akashika mwimo, akaliita jina lako kuelekea barabarani ili nisikie. Sauti yake imepungua, kaka, lakini jina lilitoka zima. Sasa nalijua. Mwanzo ni chini, kama mtu anayeinama, halafu linapanda na kukaa huko juu.

Mama alikuwa shamba la mbali. Alisikia. Alikuja mbio na jembe mkononi, kitambaa cha kichwa kimeanguka njiani, akasimama katikati ya ua akiangalia nyumba ya Babu, kisha nyumba yako, kisha barabara. "Yuko wapi?" akauliza. Babu akasema, "Nilikuwa namfundisha mtoto." Mama akarudi shamba.

Kaka, najua kwa nini huji. Unadhani Baba bado ana hasira kwa sababu ulioa huko bila sisi kwenda kumwona mzazi wa Wifi. Nilikuwepo barua yako ilipofika, na ni kweli alinyamaza siku nyingi. Lakini baada ya mavuno alipanda mwenyewe juu ya nyumba yako ya ujana, akaiezeka nyasi mpya. Hakumweleza mtu sababu. Baba Mdogo alipomtania, "Unamwezekea nani, popo?" alijibu kwamba mwanamke wa pwani hajazoea kuvujiwa. Wifi, hayo ni maneno yake mwenyewe, sikuongeza.

Basi njooni. Nakuomba uombe ruhusa kazini. Gari moshi linakufikisha Tororo bila kubadili njia. Usingoje mpaka uwe na zawadi za kila mtu. Babu akiitwa na Mungu kabla hujaja, atakayekuita kwa sauti ile nitakuwa mimi peke yangu, na mimi unanijua, sina sauti ya kufika barabarani.

Babu anakusalimu sana, na anamsalimu mjukuu wake Fauziya ingawa hajauona uso wake. Baba anasalimu. Shangazi anasalimu, anauliza kama huko wanapika samaki kwa nazi kweli. Kulusumu anakusalimu bila kukujua. Mama anakusalimu. Amesimama nyuma yangu, na amesema nisiandike kwamba alikimbia. Niandike tu kwamba hajambo, na kwamba siku ile alikuja kutazama chungu kilichokuwa mekoni.

Mungu wetu sote, wa kanisani na wa msikitini, awashike mikono njiani mpaka hapa mlangoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kila siku,

Elinah Nangila