Matundu Madogo

Kasulu, Jumanne, Juni 1998

Kwa hiyo ni uvimbe kwenye kizazi, si mimba kama majirani wanavyonong'ona. Daktari mgeni alinieleza kwa upole kwamba huko kwao wanatoboa matundu madogo tumboni, wanaingiza kamera na kuutoa, na mgonjwa hurudi nyumbani kesho yake.

"Hapa hatuna vifaa hivyo, mwalimu. Tutakupasua, ila tutajitahidi kukuachia kizazi."

Kovu siliogopi. Niliyatamani yale matundu kwa sababu mtu angeweza kwenda na kurudi peke yake.

Nesi akauliza, "Nani atakuuguza wodini, dada?"

Nikamtaja mdogo wangu wa Kibondo. Hajui hata kama naumwa. Hatujaongea tangu mazishi ya mama.

Kesho nitapanda basi nikamwombe.