Rosa Hajasikia Habari za Jua

Jumanne, 4 Machi
Nimesuka kichwa kimoja tu leo. Rasta ndogo ndogo, masaa nane, peke yangu. Zamani hapa Kenyatta Market mimi na Rosa tungekimaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye kushoto, mimi kulia. Kastoma ni mwalimu wa sayansi. Anasema jua linazidi kuwa kali polepole, na baada ya miaka kama bilioni moja bahari zitakauka. Baadaye sana jua litapanuka, huenda liimeze dunia yenyewe. Alisema hivyo huku akila samosa. Nikageuka ili mimi na Rosa tucheke. Kwenye kiti chake kuna paketi za nywele.

Jumatano, 5 Machi
Nimelikasirikia jua. Upuzi, lakini ndivyo. Nilianika blanketi hapa nyumbani Waithaka nikalitazama jua kama mtu aliyenidanganya. Bahari sijawahi kuiona, na bado imeniuma. Sina wa kumwambia. Majirani wataniona nimechanganyikiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Wiki ya tano bila Rosa. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kastoma mmoja alilalamika kwamba upande wa kushoto umelegea. Nikasema mbele ya saluni nzima kuwa Rosa ameingiwa na uvivu, ananiharibia jina. Miaka kumi na tisa tunashika kichwa kimoja, halafu nikasema hivyo. Alifunga kitana chake kwenye leso, akaenda. Sijampigia simu. Kiburi tu.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nilimuuliza pasta kuhusu jua. Akasema Yesu atarudi kabla ya hapo, nisihangaike. Akaenda kusalimia wageni.
Moto wa hilo jua haunihangaishi. Nilidhani mtu akifikiria miaka bilioni, ugomvi wa saluni utaonekana mdogo. Wapi. Umezidi kuwa mkubwa. Kama hata bahari ina mwisho, mimi na Rosa tunangojea nini? Nimelia jikoni mpaka chai ikafurika kwenye jiko.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeenda kwake Kabiria. Alifungua mlango kwa kiwiko. Vidole vyake vimevimba, havikunjiki. Ugonjwa wa viungo, ameambiwa hospitali. Ulianza mwaka jana. Alinificha, akihofia nitatafuta mwingine wa kusuka naye. Na mimi nikamwita mvivu.
Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya jua na ya dunia. Yote yakaniishia mlangoni.
"Rosa, nilikukosea."
Alinitazama sana. "Umechelewa, Mama Brenda. Lakini ingia."
Nimeona aibu ambayo sijawahi kuona.

Jumamosi, 15 Machi
Sikufungua saluni, na Jumamosi ndiyo siku ya watu. Rosa alikaa sakafuni kwake, mgongo kwenye magoti yangu. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kabisa. Mimi ndiye huwa namsuka.
Nilianza upande wa kulia, nikaenda kushoto. Hatarudi sokoni, amesema, na sikubishana naye. Nikampa habari za jua. Akauliza kama kutakuwa na mtu wa kujua kwamba tulikuwepo. Nikamwambia yule mwalimu hakueleza mpaka hapo.
"Basi suka tu," akasema.
Tulimaliza saa kumi. Akataka kujiona. Kioo hawezi kukishika, nikamshikia mimi, mbele kisha nyuma, mpaka aliposema inatosha.