Nilijiita Mama wa Mapacha Nipate Kazi ya Kuandika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku nitakayoumbuka.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa wala sina mtoto, na kwa miaka saba nilikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno mpaka daktari alipostaafu akaifunga, nikabaki nyumbani kwa kaka yangu, nikasema basi, nitaandika, kwa sababu shuleni insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa na pia kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nikajiandikisha kwenye tovuti za kazi, nikaomba kazi thelathini na sita, hakuna aliyenijibu hata kwa kunitukana, ndipo nikaona tangazo la tovuti ya malezi iliyomtaka mama wa mapacha anayejua kuandika, na pale mezani mbele yangu mapacha wa kaka walikuwa wanagombania kijiko kimoja huku vingine vimejaa kwenye droo, basi nikaandika jinsi wifi yangu alivyowatuliza, ila kila palipotakiwa "wifi" nikaweka "mimi".

Nilijibiwa kabla ya saa moja kuisha. Tangu hapo nimeandika makala tisa, wifi namhoji tukiwa tunakunja nguo, yeye anadhani napenda tu habari za watoto, wasomaji wananiita Mama Pacha, na juzi mmoja ameandika kwamba siku hizi anawavisha wanawe viatu bila mtu kulia, yeye mwenyewe akiwemo. Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Sasa mhariri, mama mmoja mchangamfu, anataka tuonane kwa video siku ya Ijumaa, "na hao watoto uwalete niwasalimie". Siku hiyo wifi anakwenda kusuka nywele, kwa hiyo nimefikiria kubaki na watoto na kuwafundisha waniite mama kwa nusu saa, lakini mmoja wao ndiye msema kweli wa nyumba nzima na hanyamazishwi hata kwa biskuti. Kazi hii naipenda, mshauri. Nifanyeje?

Mama Pacha wa Bandia

Wewe Mama Pacha wa Bandia,

Nimecheka, halafu nimekasirika, sasa nakujibu.

Kwanza, hao watoto waache. Si viti vya kuazima kwa jirani. Ukiwafundisha uongo leo, kesho utawafundisha nini?

Pili, naelewa maombi thelathini na sita yasiyojibiwa yanavyomkata mtu maini. Pole. Lakini wasomaji wanakuamini wakidhani yamekukuta wewe, na wifi yako unamchukulia maisha yake bila kumwambia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kaa naye leo, mweleze yote, na akisema hataki, uache.

Akikubali, mwandikie mhariri kabla hamjaonana. Sentensi tano zinatosha, usijitetee. Huenda akakufukuza, na atakuwa na haki. Ila mwambie jambo ambalo wewe mwenyewe umelipita bila kuliona: wewe ni shangazi yao. Unaishi nao, na bila shaka unawavisha, unawaogesha. Kwa hilo huna haja ya kudanganya.

Na kama mlango huo utafungwa, usirudi kuomba kila tangazo linalopita. Miaka saba umepokea watu wazima wanaoogopa kung'olewa jino, umewatuliza mpaka wakaingia ndani. Andika makala tatu kuhusu hayo, fupi na safi, kisha tafuta kliniki ambazo tovuti zao zimelala na uwatumie. Taja kazi uliyofanya na mahali ulipoifanya. Anayekulipa anataka kujua unachokijua, basi mwonyeshe hicho.

Mshauri wenu

Nyongeza: Dada huyu alinipigia simu Jumamosi, ameniruhusu niwaeleze. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniuliza maswali kama polisi." Alinuna mpaka jioni. Kisha akaomba asomewe makala zote tisa, na kwa ile ya viatu akacheka mpaka akakaa chini.

Mhariri hakucheka. Aliijibu barua ya dada kesho yake, akasema makala zote zitawekewa maelezo ya ukweli na maneno ya kuwaomba wasomaji radhi, na kwamba kama wifi ameridhia, safu iendelee kwa jina la Shangazi wa Mapacha, kwa majaribio ya miezi miwili.

Wifi ameridhia kwa sharti moja: hakuna makala itakayotumwa kabla hajaisoma. Ya kwanza ameshaisoma, kalamu mkononi, na aya moja ameikata yote.

"Hapa umenifanya mpole mno," alimwambia. "Siku ile nilipiga kelele. Andika hivyo, na mama wenzangu nao wapumue."